Namna ya Kuandika Safari ya Kisiasa ya Mbunge Mkongwe: Mfano wa Mwai Kibaki Bungeni, 1963–2013

Mwai Kibaki alichaguliwa mbunge kwa mara ya kwanza Mei 1963, miezi michache kabla ya bendera ya Uingereza kuteremshwa Nairobi, na Bunge la Kumi lilipofikia ukomo wake mapema mwaka 2013 jina lake lilikuwa lingali kwenye orodha ya wabunge. Katika muda huo wa takriban nusu karne aligombea katika chaguzi kuu kumi na hakupoteza kiti cha ubunge hata mara moja. Hata hivyo, wasifu wake unaosambaa mtandaoni mara nyingi huwa ni mfululizo wa vyeo tu: waziri, makamu wa rais, kiongozi wa upinzani, rais. Ubunge wenyewe, ambao ndio uliobeba vyeo hivyo vyote, hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa hapo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwanahabari au mkazi yeyote wa eneobunge anayetaka kuandika safari ya mbunge aliyekaa muda mrefu, akiwa hai au amefariki, na anayetaka maandishi yake yaaminike. Rai yangu ni moja, nayo ni kufuata kiti badala ya kufuata cheo. Katika Kenya ya chama kimoja, waziri aliweza kusikia kufutwa kwake kwenye taarifa ya habari ya redio ya saa saba mchana, sawa na raia mwingine yeyote aliyekuwa akila chakula chake. Kiti hakikuondolewa kwa namna hiyo. Kilirudi kwa wapiga kura kila muhula ulipokwisha, na karibu kila kiliporudi, kanuni za kukigombea zilikuwa zimebadilika. Mwandishi asiyeziona kanuni hizo atadhani Kibaki alishinda jambo moja mara kumi, ilhali alishinda mambo kumi yasiyofanana.

Tengeneza kadi za chaguzi kwanza

Chukua kadi ngumu, au fungua jedwali kwenye kompyuta, na kwa kila uchaguzi aliogombea mbunge wako andika mambo saba: tarehe, jina la eneobunge, chama, namna kura zilivyopigwa, wapinzani wakuu, matokeo, na mahali ulipoyapata matokeo hayo. Usiandike neno lolote kuhusu tabia yake, umaarufu wake au maoni yako, kwa sababu kadi hizi ni msingi wa nyumba na rangi ya ukuta itapakwa baadaye.

Kadi ya kwanza ya Kibaki husomeka hivi: Mei 1963, Donholm, Nairobi, KANU (chama kilichokuja kutawala), kura ya siri, vyama vingi, Baraza la Wawakilishi. Kadi fupi kama hiyo tayari inaibua maswali mawili makubwa. La kwanza ni kwa nini mzaliwa wa kijiji cha Gatuyaini, Othaya, katika wilaya ya Nyeri, alianzia siasa zake mashariki ya Nairobi. Anayemtafuta katika matokeo ya Nyeri ya mwaka huo hatamwona. Jibu limo katika miaka mitatu iliyotangulia. Kibaki, aliyezaliwa tarehe 15 Novemba 1931, alisoma uchumi Makerere na kisha London School of Economics, akarudi Makerere kufundisha, na mwishoni mwa mwaka 1960 akaiacha kazi hiyo ili awe afisa mtendaji wa KANU. Alikuja jijini akiwa mtu wa chama, na chama ndicho kilichokuwa nyumbani kwake kisiasa kabla ya Othaya kuwa.

Swali la pili linahusu Donholm yenyewe, kwa kuwa mwaka 1969 jina hilo halionekani tena na Kibaki anatajwa kuwa mgombea wa Bahati. Wapo wanaoandika kwamba alihama. Kilichohama ni jina na mipaka. Kenya ilipopata uhuru ilikuwa na mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi lenye maeneobunge 117 na Seneti yenye viti 41, na mabaraza hayo yalipounganishwa mwishoni mwa mwaka 1966 idadi ya maeneobunge ikawa 158, jambo lililolazimu ramani kuchorwa upya. Idadi hiyo ilipanda tena hadi 188 kabla ya uchaguzi wa 1988, ikafika 210 mwaka 1997, na kwa Katiba ya 2010 ikawa 290. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba mbunge wako alihama, au kwamba kura zake zilipungua kwa nusu, hakikisha kwanza kwamba ardhi unayoilinganisha ni ile ile.

Kadi ya 1969 ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko nyingine zote. Kibaki alikuwa tayari waziri, na aliyemkabili Bahati alikuwa Jael Mbogo, mwanamke aliyempa ushindani mkali kiasi kwamba kiti kilinusurika kwa tofauti ndogo. Mbogo alidai kuwa alinyang'anywa ushindi. Katika hali kama hii mwandishi hana budi kuandika mambo mawili kwa sentensi mbili tofauti: matokeo rasmi yalivyotangazwa, na madai yalivyotolewa, yakiambatana na jina la aliyeyatoa. Usiyachanganye ili sentensi ipendeze, wala usiyafiche madai kwa kuwa mshindi baadaye alikuja kuwa mtu mkubwa. Uchaguzi uliofuata, wa Oktoba 1974, Kibaki aligombea Othaya na hakurudi tena kugombea Nairobi. Anayezisoma kadi hizo mbili zikiwa zimewekwa kando kwa kando haelezwi sababu ya kuhama, anaiona mwenyewe.

Upime kila ushindi kwa kanuni za mwaka wake

Chini ya kila kadi ongeza mstari mmoja unaojibu swali hili: siku hiyo, mpiga kura aliruhusiwa kufanya nini? Mwaka 1963 alichagua kati ya vyama. Oktoba 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na tangu hapo uteuzi wa ndani ya KANU ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Hili halimaanishi kwamba kura zilikuwa bure. Wabunge wengi, pamoja na mawaziri kadhaa, walianguka mwaka huo wa 1969, na mpiga kura aliyekuwa hawezi kukiondoa chama aliweza kumwondoa mtu. Mbunge aliyevuka chaguzi za 1969, 1974 na 1979 kwa utaratibu huo alikuwa amepimwa kweli, ijapokuwa kwa mizani yenye upande mmoja.

Mwaka 1982 Bunge liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na Kibaki alikuwa Makamu wa Rais wakati huo. Andika jambo hilo waziwazi, kwa sababu miaka kumi baadaye alikuwa kiongozi wa chama ambacho kisingeweza kusajiliwa kama kifungu hicho kisingefutwa. Msomaji ana haki ya kuuona mwendo wote huo kwa mtu mmoja.

Kisha ikaja mlolongo. Katika uteuzi wa KANU wa mwaka 1988 karatasi ya kura iliondolewa na wapiga kura wakaambiwa wasimame nyuma ya wakala au picha ya mgombea wanayemtaka, wahesabiwe wakiwa wima mbele ya chifu, mwajiri na jirani. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na uchaguzi mkuu haukufika kwake. Ukikaa na mzee aliyepanga foleni siku ile, mpe nafasi akuonyeshe kwa mkono jinsi mstari mmoja ulivyozunguka uwanja wa shule na mwingine ulivyokomea langoni, kisha umwulize ni upi uliotangazwa kuwa mrefu. Ubaya mkubwa wa utaratibu ule ni kwamba watu wakishatawanyika, foleni haibaki. Hakuna sanduku la kufunguliwa wala karatasi ya kuhesabiwa upya. Kwa sababu hiyo takwimu yoyote ya mlolongo inayoingia katika maandishi yako lazima iambatane na maelezo ya namna ilivyopatikana, hata kama mbunge wako ndiye aliyedhulumiwa nayo.

Thibitisha kila cheo kwa hati

Vyeo vina nafasi yake, na kazi yako ni kuvithibitisha. Chombo cha kwanza ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambamo uteuzi wa mawaziri hutangazwa ukiwa na tarehe na namba ya tangazo. Matoleo mengi ya zamani yanapatikana kwenye mtandao, kama zilivyo pia juzuu nyingi za kumbukumbu za Bunge. Kwa magazeti ya kila siku, nenda katika Nyaraka za Taifa kwenye barabara ya Moi, Nairobi, au katika Maktaba ya McMillan, uyapekue matoleo ya juma zima la uchaguzi, siyo la siku moja tu.

Nitoe mfano wa kosa ambalo linaendelea kunakiliwa. Maandishi kadhaa husema kwamba mwaka 1963 Kibaki aliteuliwa katibu wa kudumu wa Hazina. Katibu wa kudumu ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma hawezi kuwa mbunge kwa wakati huo huo. Anayetambua kanuni hiyo atashuku sentensi hiyo kabla hata ya kufungua kitabu. Wadhifa aliopewa ulikuwa wa katibu wa bunge katika Hazina, cheo cha wabunge waliowasaidia mawaziri katika serikali ya kwanza, na neno moja lililotafsiriwa vibaya ndilo lililomgeuza mwanasiasa kuwa mrasimu. Kila unapokutana na cheo usichokielewa, uliza kwanza ni nani aliyeruhusiwa na sheria kukishika.

Baada ya hapo safari yake ya vyeo haina utata mkubwa. Alikuwa waziri msaidizi katika Wizara ya Mipango ya Uchumi chini ya Tom Mboya, akawa Waziri wa Biashara na Viwanda mwaka 1966, kisha Waziri wa Fedha kwa zaidi ya muongo mmoja kuanzia mwisho wa miaka ya sitini, na kuanzia Oktoba 1978 Makamu wa Rais chini ya Daniel arap Moi. Machi 1988 aliondolewa umakamu na kupewa Wizara ya Afya, na Josephat Karanja akachukua nafasi yake. Hapa ndipo kanuni ya kufuata kiti inapolipa. Ukifuata cheo, mwaka 1988 ni mwaka wa kuporomoka. Ukifuata kiti, ni mwaka ambao mtu aliyeshushwa na Rais alibaki kuwa mbunge wa Othaya, na kiti hicho ndicho kilichompa mahali pa kusimama hadi mambo yalipobadilika.

Soma Hansadi kama mtu aliyeketi ukumbini

Kumbukumbu rasmi za Bunge, ambazo Kenya tunaziita Hansadi, ndizo shamba lenye rutuba kuliko yote, na ndipo waandishi wengi wanapokata tamaa mapema. Ukifungua juzuu ya zamani utakuta kurasa zenye safu mbili za maandishi madogo, na mwanzo wa kila kikao haubadiliki: Bunge lilikutana saa nane na nusu mchana, Spika akiwa kitini, sala ikasomwa. Halafu maswali, halafu hoja na miswada. Ndani ya mabano utaona alama ndogo zinazosema makofi yalipigwa, kicheko kilizuka, au mbunge alisimama kwa hoja ya nidhamu. Usizipite alama hizo. Sentensi moja ya waziri inayofuatiwa na hoja tatu za nidhamu inakueleza hali ya ukumbi kuliko hotuba nzima iliyosomwa kwa utulivu.

Anza na faharasa iliyo mwishoni mwa juzuu, tafuta jina la mbunge wako, kisha uigawe michango yake katika mafungu kulingana na kiti alichokalia siku hiyo. Mbunge wa nyuma huuliza, waziri hujibu, kiongozi wa upinzani hukosoa. Kwa hiyo kuhesabu idadi ya mara alizozungumza, kama wengi wanavyofanya siku hizi ili kumwita mbunge mchapakazi au bubu, hakuna maana mpaka utenganishe mafungu hayo. Waziri wa Fedha atakuwa na maelfu ya mistari kwa sababu anajibu maswali ya wenzake, na mistari hiyo hutayarishwa na maafisa wa wizara. Sauti yake mwenyewe huitafuti katika jibu la msingi; itafute katika majibu ya maswali ya nyongeza, ambapo karatasi ya maafisa imekwisha na mtu amebaki na akili yake.

Kwa Kibaki, fungu la Hazina ndilo linalostahili wiki zako nyingi. Bajeti za miaka ya sabini zilisomwa na yeye wakati bei ya mafuta ilipopanda kuanzia mwaka 1973, mwaka ambao pia kodi ya mauzo ilianzishwa Kenya, na tena wakati bei ya kahawa ilipofumuka katika miaka ya 1976 na 1977 baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil. Zisome hotuba hizo huku ukikumbuka kwamba msomaji wa bajeti alikuwa pia mbunge wa wakulima. Othaya ni nchi ya kahawa na majani chai. Aliposema neno kuhusu bei ya mkulima, alikuwa akisema mambo mawili kwa mara moja, moja kwa ukumbi na jingine kwa wakulima wa Mlima Kenya, na mwandishi mzuri humsikia katika yote mawili.

Jihadhari na kura za sauti. Maamuzi mengi ya Bunge hupitishwa kwa Spika kusikiliza wanaosema ndiyo na wanaosema la, na Hansadi haiorodheshi majina. Huwezi kuandika kwamba mbunge wako alipigia mswada fulani kura kwa sababu tu mswada ulipita. Majina huandikwa pale wabunge wanapohesabiwa mmoja mmoja, na siku kama hizo ni chache na za thamani. Mwaka 1975, Bunge lilipojadili ripoti ya kamati teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale kuhusu mauaji ya mbunge J. M. Kariuki, Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walipiga kura kinyume na serikali, nao wakafutwa kazi. Mbunge yeyote wa kizazi hicho unayemwandika, mtafute siku hiyo: alikuwapo, alinyamaza, au alisimama upande gani? Siku moja ya namna hiyo humfichua mtu kuliko miaka kumi ya mikutano ya harambee.

Kuhusu lugha, Kiswahili kilikubaliwa kutumika bungeni mwaka 1974, na mbunge aliyezungumza Kiswahili ameandikwa kwa Kiswahili hicho hicho. Nukuu maneno hayo kama yalivyo, pamoja na ukali wake na lafudhi yake. Yaliyosemwa kwa Kiingereza yaeleze kwa maneno yako bila alama za kunukuu, kwa sababu tafsiri yako si kauli yake.

Chunguza siku aliyoondoka chamani

Hakuna sura ya safari ya kisiasa inayopambwa au kupakwa matope kuliko siku ya kuhama chama. Njia salama ni kuuliza maswali mawili ya kisheria kabla ya maswali ya moyo. Kwanza, je, sheria ya wakati huo ilimtaka aliyehama arudi kwa wapiga kura? Nchini Kenya jibu lilikuwa ndiyo tangu mwaka 1966, pale Katiba ilipobadilishwa haraka kuwabana waliohamia KPU pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, na chaguzi ndogo nyingi zikafuata. Pili, je, alipoteza nini siku hiyo?

Katika mwaka wenyewe wa 1991 Kibaki alikuwa bado upande wa serikali, na kauli yake kwamba kuiondoa KANU madarakani ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe ilienea nchi nzima. Anayejua jinsi mti huo unavyoheshimiwa na Wakikuyu anaelewa kwa nini neno lile lilichoma. Mapema Desemba kifungu cha 2A kilifutwa, na Krismasi ya mwaka huo huo Kibaki akajiuzulu uwaziri, akaiacha KANU na kuunda Democratic Party (DP). Wapo waliomwita mwoga kwa kungoja wengine wafungwe na kupigwa kwanza ndipo atoke. Wapo waliosema alitoka wakati ambapo kutoka kungefaa kitu. Binafsi naona lawama ya kwanza ina uzito, kwa kuwa Kenneth Matiba na Charles Rubia, wanasiasa waliodai vyama vingi, walikuwa wameshaonja kizuizi tangu Julai 1990. Lakini ukiziweka tarehe katika mpangilio, msomaji ataamua bila msukumo wako.

Miaka ya upinzani mara nyingi hurukwa na waandishi wenye haraka ya kufika mwaka 2002, na hilo ni kosa. Kwa Katiba ya zamani mgombea urais alipaswa kugombea pia eneobunge. Ndiyo maana Kibaki, aliyeshika nafasi ya tatu mwaka 1992 nyuma ya Moi na Matiba, na ya pili mwaka 1997 kwa takriban asilimia 31, alirudi bungeni mara zote mbili akiwa mbunge wa Othaya. Mwaka 2013, chini ya Katiba mpya, Raila Odinga aliposhindwa urais alibaki nje ya Bunge baada ya miaka zaidi ya 20 ya kuwa ndani. Tofauti hiyo ya kanuni imegeuza kabisa maana ya kushindwa, na anayelinganisha wanasiasa wa vizazi hivi viwili bila kuitaja atawadhulumu wote.

Kesi nazo zisomwe. Kibaki alipinga mahakamani ushindi wa Moi wa mwaka 1997, na mwaka 1999 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba Rais hakukabidhiwa hati za kesi ana kwa ana. Hukumu za kesi za uchaguzi hupatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na zina hazina ya viapo, idadi za kura na majina ya vituo ambayo gazeti haliwezi kuyabeba. Kama mbunge wako aliwahi kushtakiwa au kushtaki, anza na hukumu kabla ya kuanza na gazeti. Kati ya 1998 na 2002, DP ikiwa na viti 39, Kibaki alikuwa kiongozi rasmi wa upinzani, na hotuba zake za kujibu bajeti za wakati huo zinafaa kuwekwa kando ya bajeti alizosoma yeye mwenyewe miaka 20 kabla. Mtu yule yule, ukumbi ule ule, upande wa pili wa meza.

Usimwachilie mbunge anapokuwa rais

Tarehe 30 Desemba 2002 Kibaki aliapishwa kuwa Rais katika bustani ya Uhuru akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa ndani ya plasta kutokana na ajali ya gari iliyotokea mapema mwezi huo. Wengi huufunga ukurasa wa ubunge hapo. Kisheria ukurasa haukufungwa, kwa kuwa Rais aliendelea kuwa mbunge wa Othaya kwa miaka kumi zaidi. Endelea na kadi zako.

Miaka hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi ya mbunge wa Kenya kuliko mingine. Sheria ya mwaka 2003 ilianzisha Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, maarufu kama CDF, kwa kutengea maeneobunge asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, baada ya pendekezo hilo kusukumwa bungeni na Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou. Kabla ya hapo mbunge alipimwa kwa harambee alizochangisha; baada ya hapo akapimwa kwa madarasa, zahanati na visima vilivyoandikwa jina la hazina hiyo. Usimsifu mbunge wa 2006 kwa kujenga zaidi ya mbunge wa 1976 bila kueleza fedha zilitoka wapi.

Kadi ya mwisho, ya tarehe 27 Desemba 2007, haiwezi kuandikwa kwa mstari mmoja. Kiti cha Othaya hakikuwa na shaka, lakini urais ulizua mgogoro ambamo, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, watu 1,133 walipoteza maisha na malaki wakafukuzwa makwao. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wenyewe, ilieleza kwamba uchaguzi uliharibika kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi halali. Haya yote yaandikwe hata katika wasifu wa kumwenzi. Kwa mwandishi wa safari za wabunge, hati ya kusoma ni Hansadi ya tarehe 15 Januari 2008, siku Bunge la Kumi lilipokutana mara ya kwanza. Rais na mpinzani wake, Raila Odinga wa chama cha ODM, walikuwa ndani ya ukumbi mmoja, wabunge wakabishana kwa saa nyingi kuhusu siri ya kura, na Kenneth Marende wa ODM akachaguliwa Spika kwa kura 105 dhidi ya 101 za Francis ole Kaparo. Nje moto ulikuwa ukiwaka. Ndani watu walikuwa wakisimama kwa hoja ya nidhamu. Makubaliano ya tarehe 28 Februari 2008 yalipitia ukumbi huo huo ili yawe sheria.

Maliza kwa kwenda kwenye eneobunge

Ukishakuwa na kadi, vyeo vilivyothibitishwa na mafungu ya Hansadi, ndipo uende kuzungumza na watu, na uende nazo mkononi. Usimwulize mzee kama mbunge alikuwa mzuri, kwa maana atakupa jibu la heshima au la chuki. Mwulize maji yalifika mwaka gani, ni nani aliyeifungua shule ya upili, kiwanda cha chai kilianza kununua majani lini, mbunge alionekana mara ngapi kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, na foleni ya 1988 ilipangwa wapi. Andika jibu kwa maneno yake, kisha rudi kwenye faharasa ya Hansadi utafute kama kuna swali lililoulizwa bungeni kuhusu maji hayo au barabara hiyo, liliulizwa na nani, na waziri aliahidi nini. Pale ambapo kumbukumbu ya mzee na jibu la waziri vinatofautiana kwa miaka sita au saba, weka kadi mpya, uandike tarehe zote mbili, na hapo ndipo pa kuanzia ukurasa wako wa kwanza.